Waya Nyekundu

"Hiyo ni sauti? Baba mdogo, hiyo ni sauti au nzi wamefungiwa kwenye kopo?"

"Plasi, funga mdomo!"

"Siufungi! Sikiliza hiyo ngoma. Ngoma gani inalia kama mtu anazaba kofi sufuria? Na hao akina mama wanaoimba, wote wana mafua?"

"Nimesema funga mdomo! Banda hili la nani? Jenereta ya nani? Petroli anatia nani?"

"Mwache, mzee Byarugaba," Fidele akacheka. "Kijana kamaliza fom foo, kakosa pa kwenda, sasa amekuwa bwana sauti."

"Na wewe Fidele rudi zako Murongo na kopo lako!"

Nilishapandisha, nakwambia. Mate yananiruka. Na kawaida siwezi kumfokea baba mdogo, hata ugali nikila mbele yake napunguza tonge. Lakini siku ile, gulio la Kaisho, mwaka tisini na tisa, saa za alasiri, nilimfokea kama namfukuza nyani kwenye mahindi.

Sasa nikueleze kwa nini. Baba mdogo Byarugaba ndiye mwenye banda la video pale senta. Mimi ndiye nilikuwa naendesha mitambo. Yeye mwenyewe waya hagusi, alishapigwa shoti siku moja akarushwa mpaka kwenye mabenchi, tangu hapo hata swichi anaiwasha kwa kijiti. Fidele ni mfanyabiashara wa Murongo, kila kinachovuka kutoka Uganda lazima kipite mikononi mwake. Siku hiyo alikuwa ameleta deki mpya kwa baiskeli, kaifunga kwenye godoro la mtoto isigongwe. Deki ya sahani ndogo, zile za kukaa kiganjani. Anasema Kampala sasa kila mtu ni hizo, kaseti na madude mengine ni ya wazee.

Baba mdogo alikuwa anaitaka mpaka macho yamemtoka. Hela hana. Alichonacho ni kibanja cha kijitoni, shamba pamoja na nyumba, na mnunuzi alishampata. Sasa kile kibanja ndipo tunapokaa sisi. Mimi na mama. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, mama yangu Costansia akabaki pale, migomba ile ameilea yeye, kahawa ile anaichuma yeye. Babu Kahigi alipokufa, mrithi akawa baba mdogo, lakini kila mtu alijua cha kijitoni ni cha mama, Babu mwenyewe alimwonyesha kwa mkono akiwa kitandani. Ila karatasi hakuna. Na mrithi akisema nauza, mjane atasema nini?

Kwa hiyo usinione napigia ngoma kelele ukadhani napenda muziki sana. Nilikuwa napigania kitanda cha mama yangu.

"Tufanye hivi," nikamwambia. "Tushindanishe. Leza yetu na hicho kikopo. Filamu ileile, spika ileile. Watu wa nje wahukumu. Leza ikishindwa, uza. Ikishinda, Fidele anafunga godoro lake anaondoka, na kibanja hukiuzi, mwaka huu wala mwakani."

Baba mdogo akachota magadi kwenye mfuko wa shati akalamba. Tumbo lake lilikuwa linamsumbua siku zote, anajaa gesi kama tairi. Akanitazama, akamtazama Fidele.

"Filamu ipi?"

"Ile ya kwetu."

Akatabasamu. Nilijua atatabasamu.

Leza ndiyo ile mashine yetu ya zamani. Wazungu wa shirika moja la misaada waliiacha hapa, kambi ya wakimbizi ilipofungwa, wakauza vitu vyao, wengine wakakimbilia vitanda na mapipa, baba mdogo akaondoka na dude zito kama jiwe la kusagia. Sahani zake kubwa kama sinia, zinang'aa, akina mama wakija bandani wanajitazamia humo wanaweka vilemba sawa. Sahani zenyewe chache, na nyingi ni za mafunzo, jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kuchemsha maji. Lakini moja ilikuwa dhahabu. Ile waliyoipiga hapahapa Kaisho mwaka tisini na nne, watu walipokuwa wanavuka kwa maelfu kutoka Rwanda. Ndani yake wapo ng'ombe wetu, lipo kanisa letu, yupo Babu Kahigi amekaa kwenye kigoda anaongea. Na nyuma ya Babu, amesimama na mwavuli kumkinga mzee jua, yupo baba mdogo Byarugaba, bado mwembamba, anaitikia kwa kichwa. Kila gulio anataka iwekwe. "Mnaniona? Mnaniona pale?" Watu wanapiga makofi.

Maneno ya Babu hatukuwahi kuyasikia. Akianza kuongea tu, mzungu anakuja juu yake kwa Kiingereza, sauti nzito, anasema mkulima huyu anawapokea wageni kwa moyo mkunjufu. Nimewatafsiria watu mstari huo mpaka watoto wanausema. Chini ya mzungu unasikia Babu ananguruma kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili, basi.

Na bahati, au sijui niiite nini, filamu hiyohiyo wale wazungu waliitoa tena kwenye sahani ndogo, ikawa inagawiwa makanisani huko Uganda. Fidele alikuwa nayo kwenye mfuko wa koti. Ndiyo aliyokuwa anatuchezea pale ugomvi ulipoanza.

Basi tukajipanga. Spika yetu ni honi, iko juu ya paa, inatazama gulioni, ndiyo inayovuta wateja. Amplifaya ilikuwa ya kanisani zamani, ina matundu mawili tu ya kuingizia sauti: moja la mashine, moja la maiki ya kutangazia. Leza ina waya pacha, nyeupe na nyekundu. Miaka yote sisi tulichomeka nyeupe, kwa sababu tundu la pili ni la maiki, na nyekundu ikawa inaning'inia tu nyuma ya meza, kuku walishaidonoa. Sauti si inatoka? Inatoka. Ya nini kuhangaika.

Siku hiyo mashine mbili. Fidele akachomeka deki yake kwenye tundu la mashine. Mimi nikachomoa maiki, nikapangusa ile nyekundu kwa shati, nikaichomeka kwenye tundu la maiki. Ndiyo hivyo tu. Kitu kidogo kama hicho.

Baba mdogo akatoa kichwa mlangoni akawapigia watu kelele: "Sikilizeni! Inakuja ya kwanza, halafu ya pili! Mtasema ipi ina sauti!"

Nje palikuwa pamejaa. Wauza maharage, wachuma kahawa, vijana wa baiskeli. Mama yangu alikuwa upande wa pili wa barabara na mikungu yake. Na hapohapo mlangoni, kwenye jiko lake la mkaa, Nyirabahire anachoma ndizi kama kila gulio. Huyu mama siku za kazi alikuwa kibarua wetu, anapalilia kahawa kulekule kijitoni. Alikuja na wale wa tisini na nne, wenzake waliporudishwa yeye akabaki. Alipofika tu alianza kusema kijitoni ni kwake, mume wake Karekezi ndiye aliyekata pori lile. Watu walimcheka. Watoto walikuwa wanamwimbia "kibanja changu, kibanja changu" akipita. Mimi pia niliimba. Akaacha kusema, akashika jembe.

Fidele akaanza. Sahani ndogo. Nisiwe mwongo, ilikuwa na sauti kubwa. Hakuna muungurumo, hakuna mikwaruzo, sauti imenyooka kama imepigwa pasi. Lakini imekonda! Ngoma hazina tumbo. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye filamu, kwenye deki ya Fidele ikawa kama mtu anakaanga karanga. Kila anayetamka herufi ya s anapuliza kama nyoka. Na mzungu alipokuja juu ya Babu, Babu akafa kabisa. Hata ule mngurumo haupo. Mdomo wa mzee unachezacheza kama mbuzi anatafuna, sauti yake wameifuta.

Nje wakapiga makofi hata hivyo. "Inapasua hiyo!" mtu akasema. "Mpaka Kibingo wameisikia!"

"Umeona?" Fidele akanikonyeza. "Wateja hawataki tumbo la ngoma, bwana sauti. Wanataka kelele."

"Ngoja," nikasema. Nikazima yake, nikafungua droo ya Leza, nikalaza sinia langu taratibu. "Ngoja usikie mashine isiyodanganya!" Nilisema kwa nguvu ili na nje wasikie. Mungu wangu. Nilisema hivyo.

Leza ikazunguka. Ngoma zikaingia. Aisee! Ngoma zilikuwa na kifua, na ngozi, na mkono wa mpigaji. Mvua ikawa mvua, unasikia ikidondoka kwenye majani ya mgomba na ikidondoka kwenye bati, vitu viwili mbalimbali. Kuna mama alikohoa kwenye filamu, mtu wa nje akageuka kumtafuta. Nikamtazama Fidele, kicheko kimemwisha. Nikasema moyoni, mama, lala salama.

Halafu nikashangaa kitu. Mzungu hayupo. Picha za mwanzo zile, anapoeleza habari za mto na mpaka, kimya, ni ndege tu na miguu ya watu wanatembea kwenye tope. Nikadhani waya imelegea, nikaigusa. Haijalegea. Baadaye sana ndiyo nilikuja kuelewa kwamba sahani zile zilikuwa na njia mbili za sauti, mzungu walimpandisha kwenye ile ya waya nyeupe, na kwenye nyekundu wakaacha sauti ya mahali penyewe kama ilivyorekodiwa. Lakini pale sikuelewa kitu. Niliona tu Babu anatokea na kigoda chake, na baba mdogo nyuma na mwavuli, nikasubiri yule mzungu aje na moyo mkunjufu.

Babu akakohoa.

Babu yangu! Kile kikohozi chake cha kiko. Nywele zilinisimama mpaka za miguuni. Mtu tumemzika mwaka tisini na nne anakohoa juu ya paa, gulio zima. Nje nikasikia mama mmoja, "Mawe we! Kahigi!" na ndoo ikaanguka.

Akaanza kuongea. Kinyambo chetu, polepole, vilevile alivyokuwa akiongea na ng'ombe wake.

"Mnaniuliza kwa nini nawapokea hawa watu. Mimi sijapokea mtu. Yule mama mnayemwona pale, ni wa kwa Karekezi. Mimi na Karekezi tulikula omukago. Tulichanjana hapa kwenye kitovu, tukachukua buni moja ya kahawa, tukaipasua punje mbili, tukazipaka damu, mimi nikameza yake, yeye akameza yangu. Ukishakula hivyo mtu si jirani tena. Ukimdhulumu, tumbo linavimba, lako na la watoto wako."

Nikamtazama baba mdogo. Sijui kwa nini nilitazama tumbo.

"Karekezi alikata lile pori la kijitoni kwa panga lake," Babu anaendelea. "Vita vya Amin vilipokuja akaenda na mgambo kubeba mizigo, hakurudi. Mke wake akaenda kwa ndugu zake. Akaniachia kibanja nikitunze. Nimekitunza. Leo huyo amerudi. Jumapili baada ya misa nitaita wazee, nimkabidhi mbele ya watu. Na huyu mwanangu Byarugaba anasikia. Byarugaba, si unasikia?"

Na kwenye picha, ile tuliyoipigia makofi miaka yote, baba mdogo anainamisha kichwa chini ya mwavuli, anaitikia. Ila sasa na sauti ipo.

"Ego, tata."

Ndiyo, baba. Hivyo tu. Sauti yake kabisa, ya ujana, safi, hata kumeza mate unasikia.

Nje hakuna aliyepiga makofi. Babu, Ijumaa ya wiki ileile, kiharusi kilimwangusha, mdomo ukapinda, hakusema neno tena mpaka tukamzika. Jumapili ya wazee haikufika. Na aliyesikia alikuwa mmoja.

"Zima," baba mdogo akasema. "Plasi, zima. Hakuna aliyesikia."

Nikanyoosha kidole juu, kwenye paa. Honi.

Mlango ukafunguka, Nyirabahire akaingia na koleo lake la kugeuzia ndizi mkononi, linafuka moshi. Nikajua sasa atapiga mtu. Hakupiga. Alisimama mbele ya televisheni, akaniambia kwa upole kabisa, "Tena, mwanangu. Pale alipomtaja Karekezi sikumsikia vizuri, mkaa ulikuwa unalia."

Nyuma yake akaingia mama yangu. Hana hata kilemba, sijui kimeangukia wapi. Baba mdogo akamwendea mbio kama mtu aliyeona kamba kwenye maji.

"Shemeji! Shemeji, mwambie mwanao. Nyumba ni yako ile, si yangu. Mimi siuzi tena, umesikia? Siuzi! Kaa pale mpaka ufe. Mwambie achomeke maiki, awatangazie watu mashine imeharibika, imechanganya maneno. Yeye ndiye msomi, watamwamini. Leza ya zamani hii, inakwaruza, kila mtu anajua. Plasi, sema ile mpya ndiyo yenye sauti sahihi. Si ndiyo, Fidele?"

"Mimi ni muuza deki tu, mzee," Fidele akasema, anakunja godoro lake.

Mama alikuwa anamtazama Babu kwenye kioo, filamu imesonga lakini mzee bado yupo pembeni ya picha anakunywa rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu. Akakaa kwenye benchi.

"Mzee alinishika mkono," akasema. "Alipokuwa hawezi kusema. Akawa ananionyesha kijitoni, halafu mlangoni, kijitoni, mlangoni. Nikawaita watu, nikawaambia mzee amenigawia." Akageuka polepole kumtazama Nyirabahire. "Siku ile ulikuwa umekaa wapi? Ulikuja kutuletea maji. Ulikaa wapi?"

"Mlangoni," Nyirabahire akasema.

Nakwambia ukweli, dunia ilizunguka kuliko ile sahani. Nimeshinda. Leza yangu imeshinda, nje hakuna hata mtu anayekumbuka kikopo cha Fidele, kibanja hakiuzwi. Na kitanda cha mama yangu kimekaa kwenye ardhi ya mama niliyemwimbia barabarani.

"Tena!" mtu akapiga kelele nje. Halafu mwingine. Halafu wote, kama wanavyodai filamu ikikatika. "Tena! Byarugaba, tumbo linaendeleaje? Tena!"

"Maiki, Plasi," baba mdogo akanong'ona. Jasho linamtiririka mpaka kwenye magadi. "Chomoa hiyo waya, weka maiki. Neno moja tu, mwanangu. Ni mama yako. Fikiria mama yako."

Nilikuwa namfikiria. Kutwa nzima nilikuwa namfikiria yeye tu. Maiki nilikuwa nayo mkononi, sijui niliichukua saa ngapi. Tundu la maiki ni moja. Ukitaka kuweka maiki lazima umtoe Babu. Nikamtazama mama, nikasubiri anipe hata jicho. Hakunipa. Alikuwa amesogea kwenye benchi, amempisha Nyirabahire nafasi, na Nyirabahire amekaa, koleo mapajani, wote wawili wanakitazama kioo kama wateja wengine.

Nikabonyeza cha kurudisha nyuma. Picha zikakimbia, Babu akarudi kwenye kigoda chake.

Ile maiki nikampa baba mdogo, waya wake unaburuta chini, haujachomekwa popote. Akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anapokea mtoto, akabaki anaitazama. Waya hagusi, namjua. Na jenereta, akitaka kuizima, iko nje, katikati ya watu.

Babu akakohoa juu ya paa. Nikatoka, nikafunga mlango.